Nimemcheka mfasiri mwenzangu mbele ya grupu zima, kumbe kosa ni langu. Naanzia wapi?

Mfasiri_Tanga
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, na mnisome mpaka mwisho kabla hamjanishukia maana tangu juzi hata usingizi siupati.

Mi ni mfasiri, Kiingereza kwenda Kiswahili, mwaka wa 4 sasa. Wiki iliyopita nikapewa kazi ya kuhakiki, kijarida cha afya ya meno cha wanafunzi, kurasa 8. Aliyefasiri simjui maana ofisi huwa haitaji majina. Nafungua faili nakutana na "shule ya upili", mstari wa pili "shule ya upili" tena, nashuka chini "tarakilishi", mara "runinga". Nikasema huyu Kiswahili chake kajifunzia wapi, nikafuta kote nikaweka sekondari, kompyuta, televisheni, na kila neno nikalihesabia kosa kwenye ripoti, jumla makosa 16. Ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Nikapiga skrinishoti nikairusha kwenye grupu letu la WhatsApp la wafasiri, watu karibu 200, nikaandika "jamani hiki Kiswahili cha wapi?" na emoji za kucheka. Watu wakacheka kweli, mmoja akasema hiyo kazi ya mashine, mwingine akasema huyo bora akauze maandazi.

Hazikupita dakika 20, mama mmoja wa Mombasa, mtu mzima ambaye humo ndani wote tunamwita Mwalimu, ambaye mimi mwenyewe nilipoanza alinikalisha kwenye simu karibu saa nzima ananielekeza namna ya kuandika ankara ya klaienti wa nje, akaandika: "Kazi hiyo ni yangu. Ahsanteni." Akatoka kwenye grupu.

Nikarudi kusoma maelezo ya kazi. Juu kabisa imeandikwa sw-KE, yaani Kiswahili cha wasomaji wa Kenya. Na Kenya shule ya upili ndo jina lake. Sikusoma. Nilipitiliza moja kwa moja kwenye faili.

Sasa nimwandikie inboksi yaishe? Na ripoti nilishaituma.

Bint_Kisauni
Nimesoma mpaka mwisho kama ulivoomba. Kukiri umekiri, hilo nakupa. Ila usimwandikie, mpigie. Mtu mzima hatakwi radhi kwa meseji.

Halafu kuna kitu nyie wa huko hamkijui au mnakijua mnakipuuza. Ukimwambia mtu wa Mombasa "hiki Kiswahili cha wapi" umemgusa pale penye kidonda. Mwaka 1928 serikali za kikoloni na wamisionari walikaa mkutano hapa hapa Mombasa wakaamua Kiswahili sanifu kijengwe juu ya Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, na 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya kusimamia uamuzi huo Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, kikawekwa kando. Kimvita hichohicho alichotungia mashairi Muyaka bin Haji, na Muyaka alishakufa zamani kabla hao wa kamati hawajazaliwa. Bibi yangu mpaka anaingia kaburini alikuwa akisema "mato" na "tupa", na shuleni mamangu alipigwa kwa kuandika hivo hivo, akaambiwa aandike macho na chupa. Kwa hivo mtu kama huyo mama, aliyejifunza Kiswahili chenu cha sanifu mpaka akawa anakifundisha, leo mtoto wa juzi anamuuliza Kiswahili chake cha wapi, mbele ya watu 200, na emoji. Hebu fikiri.

Jengine, ulimvunjia heshima barazani basi radhi pia itoke barazani. Mpigie kwanza, akikuruhusu ndo uandike kwenye grupu. Usitangulize grupu ukamfanya awe mada mara ya pili.

Meneja_miradi
Nasimamia miradi ya tafsiri Nairobi, hili naliona kila mwezi kwa sura tofauti, niseme upande wa kazi.

Kwanza ondoa wazo kwamba kuhakikiwa ni dharau. Kiwango cha kimataifa cha kazi za tafsiri, ISO 17100 cha mwaka 2015, kinataka kila tafsiri ipitiwe na mtu wa pili ambaye sio aliyeifasiri, kwa hiyo kupitiwa ni sehemu ya kazi kama vile mwashi kupimiwa ukuta. Shida inaanzia pale mhakiki anapochanganya kosa na kile anachokipenda yeye. Kosa ni maana imepotea, namba imegeuka, sarufi imevunjika, maelezo ya klaienti hayakufuatwa. "Runinga" kwa "televisheni" sio kosa, ni neno lingine tu. Ukiona ungelisema tofauti na lililoandikwa ni sahihi, liache. Kama linakukera sana weka komenti pembeni, na iandike kwa kuuliza: "Mwenzangu, hapa umechagua upili kwa sababu ya wasomaji wa Kenya?" Ungeuliza hivo mara moja tu usingekuwa hapa unaomba ushauri.

Pili, hizo alama 16 sio maneno matupu. Ofisi nyingi zinatumia hizo ripoti kuamua nani apewe kazi mwezi ujao. Huyo mama anaweza kukaa wiki 3 simu haijaita asijue ni kwa nini. Mwandikie meneja wako LEO, mwambie ripoti ina kasoro, ulihakiki kwa sw-TZ badala ya sw-KE, uombe uirudie bila malipo.

Tatu, na hili naona umelipita kama hulioni: ile skrinishoti. Maandishi ni ya klaienti na nina hakika ulisaini mkataba wa kutunza siri. Hata angekuwa kakosea kweli hukuwa na ruhusa ya kuitoa nje. Ifute kama bado inafutika, kama muda umepita mwombe adimini aifute.

Chuma_Dom
Mi ntaenda kinyume kidogo mnisamehe. Kumcheka mtu sio sawa, hilo halina ubishi, lakini naona tunaelekea kule kwa kubembelezana mpaka mtu anaogopa kusema kosa. Mimi nafasiri maelezo ya dawa. Mwaka jana nimehakiki kazi ya kaka mmoja mkubwa kwangu kwa umri na kwa kazi, kwenye Kiingereza imeandikwa dawa inywewe 8:00 asubuhi, yeye kaandika "saa nane". Saa nane yetu ni mchana, baada ya chakula! Mgonjwa anaambiwa anywe kidonge masaa 6 baada ya muda wake. Hapo sikuwa na nafasi ya kuzungukazunguka na komenti za kuuliza, nilipiga simu palepale nikamwambia kaka shikamoo, ukurasa wa 2 kuna saa imekaa vibaya, naomba ufungue tuangalie wote. Akaangalia, akanyamaza, akasema "Mungu wangu". Akarekebisha mwenyewe mimi nikiwa hewani, kwenye ripoti nikaandika kosa kubwa kama lilivyo, na yeye akasaini. Mpaka leo tunatumiana kazi.

Kwa hiyo ukali uwepo, na kosa liandikwe kosa. Nilichoangalia ni kwamba asikie kwangu kwanza kabla hajasikia kwa mtu mwingine yeyote.

Bint_Kisauni
@Chuma_Dom hujaenda kinyume, wewe umempa shikamoo kwanza ndo ukamwambia saa. Huyu mwenzetu alianza na emoji.

Kijana_wa_Kahama
Nimo kwenye hilo grupu. Ile ya maandazi niliandika mimi. Hata sikuisoma skrinishoti vizuri, niliona watu wanacheka nikaunga. Mamangu anauza maandazi na ndiyo yaliyonisomesha, sijui kwa nini niliandika vile. @Mfasiri_Tanga ukishaongea naye naomba unipe namba nami nimpigie.

Mfasiri_Tanga
Narudi. Samahani kwa kuchelewa, nilitaka nije na kitu mkononi.

Nimempigia jana baada ya alasiri. Mara ya kwanza haikupokelewa, ya pili akapokea. Nikasema shikamoo Mwalimu, akaitika marahaba halafu kimya. Nilikuwa nimejiandikia maneno kwenye karatasi nikashindwa kuyasoma, nikamwambia tu mimi ndo niliyehakiki, mimi ndo niliyeirusha, sikusoma maelezo, nisamehe. Akaniuliza, "Ukurasa wa 5 uliuona?" Sikuelewa. Akasema ukurasa wa 5 kuna sentensi ya kusukutua mdomo aliihangaikia siku nzima, kaiandika mara 4 ili mtoto wa miaka 14 aielewe bila kuuliza mtu, na alikuwa anangoja mhakiki aseme chochote kuhusu hiyo, hata kama ni kuikataa. Mimi ukurasa wa 5 nilikuwa nawinda upili.

Kasamehe, kwa mdomo wake. Grupuni kanikubalia niandike ila nisitaje kijarida wala jina lake, nimeandika asubuhi hii, adimini kafuta skrinishoti. Meneja nilishamwandikia siku ileile mliponiambia, kanirudishia faili. Kati ya yale 16 nimefuta 14, yamebaki mawili ya alama za uandishi. Pembeni ya ukurasa wa 5 nimeweka komenti, kwamba ile sentensi nilimsomea mdogo wangu wa kidato cha 2 akachukua kikombe cha maji akafanya palepale.

Kuhusu kurudi kwenye grupu kasema ataangalia. @Kijana_wa_Kahama nimemuuliza, kasema upige baada ya Ijumaa.