Mjadala: Kwa nini watunzi wa Nairobi na waigizaji wa steji wanapishana tu?

Mwanzisha mada:
Wadau, kila mchezo wa kuimba wa nje ukiwekwa Kenya National Theatre maneno yanaanza. Wengine wanasema hio steji ni ya umma ipewe kazi za hapa kwanza, wengine wanasema watu hununua tiketi wakiona jina wanalolijua, so leteni tu. Mimi kazi za nje hazinikeri. Kinachonikera ni vile tuna watunzi wakali hii Nairobi na tuna waigizaji wenye sauti za kutoboa paa, na hao watu wawili hawakutani kabisa.

Chukueni Sarafina, mchezo wa kuimba wa Afrika Kusini, ambayo hapa imeimbwa mpaka mashabiki wanajua kila kiitikio. Mbongeni Ngema aliiandika ile nafasi kuu kwa ajili ya Leleti Khumalo, msichana wa KwaMashu kule Durban ambaye wakati huo hata hakuwa staa, muziki akatunga yeye na Hugh Masekela, 1987 ikafunguliwa Johannesburg na mwaka uliofuata iko Broadway, zile kumbi kubwa za New York. Yani nguo ilishonwa ikiwa na mwenyewe kwa fundi. Sisi tunaikodi alafu tunatafuta msichana wa kuingia humo, ikimbana tunasema hana sauti!

Hapa kwetu mtunzi huitwa mwisho. Skripti imeisha, waigizaji wako, ukumbi umelipiwa, ndo mtu anakumbuka kumbe tunahitaji nyimbo, anapigiwa simu aje na kitu haraka na malipo ni nauli na shukrani. Hajawahi kusikia anayemwandikia akiimba, hajui nota yake ya juu inaishia wapi. Na hii mambo inaanza shuleni, tamasha la drama liko kivyake mwezi wa nne, la muziki kivyake mwezi wa nane, mtoto anachagua upande mmoja na anakaa huko hadi uzeeni.

Mdau wa Kayole:
Boss uko sawa nusu. Kupishana si hasara kila saa. Chukua Gypsy, mchezo wa kuimba wa Broadway wa 1959, Stephen Sondheim alitaka kuandika muziki na maneno yote, Ethel Merman, staa wa huo mchezo, akakataa kwa sababu jamaa hakuwa na jina bado, muziki akapewa Jule Styne, Sondheim akabaki na maneno. Ikatoka moto. Staa alikataa mtu na kazi ikafaidika.

Mdau wa Kikuyu:
Mnaongea kama watu hawakujaribu. 1982 Ngũgĩ na wenzake walikuwa na Maitũ Njugĩra, mchezo mzima umejaa nyimbo za jamii tofauti za Kenya, serikali ikawanyima National Theatre hio hio mnayoitaja, wakahamia mazoezi chuo kikuu, watu wakafurika kuona mazoezi tu, nayo yakasimamishwa. Ukumbi wao wa kijijini Kamĩrĩĩthũ, kule Limuru, ukabomolewa. Baada ya hapo nani angeweka pesa yake kwa mtunzi wa steji?

Mwanzisha mada:
Mdau wa Kikuyu, hio nakubali yote na ilitukata miguu, lakini leo hakuna askari mlangoni na bado mtunzi anapigiwa simu mwisho.

Wa Kayole, mfano wako unanisaidia mimi. Merman alikataa mapema, kukiwa bado na nafasi ya kubadilisha mtu, na Styne akamwandikia akijua sauti anayoiandikia. Sasa weka Hello, Dolly!, mchezo mwingine wa Broadway, hapo kando. Jerry Herman aliiandika akimfikiria Merman huyo huyo, mama akakataa, Carol Channing akaifungua 1964 na akaimiliki. Merman alikuja kuingia 1970, na nyimbo mbili zilizokuwa zimetolewa zikarudishwa kwa sababu yake. Miaka sita nyimbo ziko kwa droo! Na hao wana Broadway, wana droo. Yetu ikikosa mtu inapotelea kwa simu ya mtu.

Ninachotaka ni mtunzi alipwe kabla ya ukumbi, na waigizaji wawili watatu wakae naye wakiimba hata kabla skripti haijaisha.

Mdau wa Kayole:
Alipwe na nani sasa? Kabla ya ukumbi hakuna tiketi hata moja imeuzwa.

Mwanzisha mada:
Kata usiku mmoja wa onyesho, hio pesa ya kukodi ukumbi mpe mtunzi. Maprodyusa mlio humu, hio haiwezekani?

Mdau wa Kayole:
Usiku wa kukata ni Jumamosi ama Alhamisi? Kwa sababu Alhamisi hakuna pesa ya kukata hapo.