Tupeane uzoefu: Thanksgiving Alhamisi, Majilio Jumapili. Parokiani kwenu Marekani mnajipangaje?

Mtunza Sakristia
Wakuu, Tumsifu Yesu Kristo. Matangazo ya makapu ya chakula kwa familia zenye uhitaji yameshatoka, yamenikumbusha kwamba mwaka huu hakuna pa kupumulia: Thanksgiving, sikukuu ya Marekani ya kutoa shukrani, ni 26 Novemba 2026, Dominika ya kwanza ya Majilio, kipindi cha kujiandaa na Noeli, ni tarehe 29. Afadhali 2023, ilipita wiki nzima katikati.

Kabati la kasula, vazi la juu la padre kwenye Misa, wiki hiyo halifungwi. Kristo Mfalme nyeupe, Jumatatu kijani, Jumanne nyekundu ya Mtakatifu Andrea Dung-Lac na wenzake, Jumatano kijani, Alhamisi nyeupe, Ijumaa na Jumamosi asubuhi kijani, Jumamosi jioni zambarau, maana Majilio yanaanza hapo. Utepe wa kitabu cha masomo uhamishiwe Mwaka B, mzunguko mpya wa masomo ya Dominika, tangu Ijumaa, maana msomaji wa Jumamosi jioni hufungua palepale palipoachwa. Kwenu nani anafanya haya, wakati wasaidizi nusu wamesafiri na nusu wameshiba?

Sikubali Kirahisi
Thanksgiving ni ya Waprotestanti. Sakristia inahangaika ya nini?

Mtunza Sakristia
Misale ya Marekani, kitabu cha sala za Misa, ina Misa ya siku hiyo. Si sikukuu ya amri, ila ipo, na Injili inayosomwa sana ni ile ya wakoma kumi walioponywa, akarudi mmoja tu kushukuru.

Sikubali Kirahisi
Kama si amri nalala.

Mkoma wa Kumi
Tisa wenzako wanakusubiri barabarani.

Mama Makapu
Milele, Amina. Mimi niseme ya makapu, huko ndiko kunakoharibika zaidi.

Bata mzinga, mlo wenyewe wa Thanksgiving, aliyeganda wa paundi 20 (kilo 9 hivi) anahitaji siku nne hadi tano ndani ya friji ndipo ayeyuke. Ukimgawa Dominika ya Kristo Mfalme, Alhamisi anafika kwa kubahatisha. Ukimgawa Jumanne, familia haina njia ila maji baridi: dakika 30 kwa kila paundi, akiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, na maji yanabadilishwa kila nusu saa. Kwa paundi 20 hizo ni saa 10. Msimwache mezani usiku kucha, nje analainika na kuzaa vijidudu huku ndani bado jiwe. Kwa hiyo agizeni wadogo, paundi 10 hadi 12, hata kama duka linatoa wakubwa kwa bei nzuri. Kuiva ni 165 za Fahrenheit (74 za Selsiasi), kipimo kichomwe kwenye paja bila kugusa mfupa.

Halafu muwaulize wanaopokea. Familia iliyotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, haina trei ya kuokea na haijui ile jeli nyekundu ya kopo, ya matunda ya cranberry. Wekeni trei ya foili, nene, na ziwe mbili mbili, maana moja hupinda mtu akiitoa kwenye oveni. Wekeni sembe, mchele, maharage makavu, mafuta ya kupikia. Wengi wangechukua kuku wawili kwa furaha kuliko huyo dubwana.

Noeli Bukavu
Kuku wawili, kweli kabisa.

Sauti ya Nne
Wanakwaya, wimbo wa Utukufu tunaufungia kabatini mpaka mkesha wa Noeli. Unatoka mara tatu tu: 30 Novemba, Mtakatifu Andrea Mtume, 8 Desemba, Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, na 12 Desemba, Bikira Maria wa Guadalupe, ambayo huku ni sikukuu. Aleluya inabaki, msiichanganye na Kwaresima. Na ngoma pumzisheni.

Kayamba
Nani kasema ngoma zipumzike? Mwongozo wa Misale unasema vyombo vipigwe kwa kiasi Majilio. Kiasi si kimya.

Sauti ya Nne
Kiasi chenu tunakijua, jirani alishaita polisi.

Kayamba
Punguza ngoma kubwa, acha kayamba na kinanda, vigelegele vibaki kwenye matoleo. Basi. Hakuna haja ya kutuzika.

Jirani wa Zimamoto
Mmesahau janga lenyewe: akina baba na jiko la gesi nyuma ya ukumbi. Parokia moja walitaka kukaanga bata mzinga mzima kwenye sufuria la mafuta ya karanga. Nje alikuwa laini, tumboni ana bonge la barafu. Barafu ikikutana na mafuta ya nyuzi 350 za Fahrenheit inageuka mvuke papo hapo, mafuta yanafura, yanamwagikia kichomeo. Moto ulipita kimo cha mtu, ukaramba kingo za paa. Mmoja akaja mbio na ndoo ya maji! Bahati mwenzake alimpiga kikumbo, mwingine akafunga gesi kwenye mtungi. Hakuna aliyeungua, ila bima ya parokia sasa imekataza jiko lolote la nje.

Noeli Bukavu
Yesu Maria! Na bata?

Jirani wa Zimamoto
Mkaa.

Mzee wa Moshi
Kosa ni vipimo. Unamtumbukiza kwanza kwenye sufuria tupu, unamimina maji mpaka yamfunike, unamtoa, unaweka alama maji yalipobaki. Hapo ndipo mafuta yanapoishia. Sufuria na ndege wakaushwe kabisa, gesi izimwe wakati wa kumshusha, halafu uwashe tena. Dakika tatu na nusu kwa paundi.

Jirani wa Zimamoto
Au umwoke kwenye oveni kama watu wengine.

Mtunza Sakristia
Jamani, mimi niliuliza ya Majilio.

Mkoma wa Kumi
Endelea Mzee, mafuta lita ngapi?

Sista Shada
Nimjibu mwenye uzi. Shada la Majilio, lile la majani na mishumaa minne, libarikiwe Misa ya kwanza, Jumamosi jioni. Majani yakate Ijumaa, vikonyo vikae kwenye maji. Yaliyokatwa wiki mbili kabla ni kuni mbele ya mishumaa. Msiliweke chini ya tundu la hita, mshumaa utalia upande mmoja. Kofia za shaba juu ya mishumaa husaidia. Mshumaa wa waridi ni wa Dominika ya tatu, 13 Desemba. Jumamosi ya tarehe 12 asubuhi kasula nyeupe, jioni waridi.

Sikubali Kirahisi
Hatuna waridi.

Sista Shada
Zambarau inaruhusiwa. Usiazime ile ya pinki ya harusi.

Mama Makapu
Nta ikidondokea kitambaa cha altare, igandishe kwa barafu, ikwangue, halafu karatasi ya kaki na pasi ya uvuguvugu. Ya zambarau huacha doa, kwa hiyo wekeni sahani chini mapema.

Mzee wa Moshi
Lita 12 kwa sufuria kubwa.

Mama Makapu
Na yakipoa yachuje, yarudi kwenye madumu yake. Aliyeyamwaga kwenye sinki la ukumbi ajue fundi bomba hapatikani Ijumaa ile.