Hivi Leonard alimvumiliaje Sheldon miaka yote ile? Na sisi tunacheka nini hasa?

kaka_wa_flashi

Wakuu habari za jioni. Nina swali la kipuuzi kidogo ila linanisumbua wiki ya pili sasa. Nimemaliza The Big Bang Theory yote, misimu 12, epsodi 279. Nilijaziwa kwenye flashi na jamaa wa mtaani anayeuza muvi nikasema naangalia mbili tatu nilale, nimekuja kushtuka mwezi umekata na luku imeisha. Kwa ambaye hajaiona, ni komedi ya Marekani, ilianza 2007 ikaisha 2019, vijana wanne vipanga wanaofanya kazi chuo cha Caltech pale Pasadena, California, fizikia wanaijua mpaka basi ila kumsalimia msichana ni mtihani wa taifa. Wawili kati yao, Leonard na Sheldon, ni marumeti wanaoishi nyumba moja. Mwingine, Raj, mtaalamu wa fizikia ya nyota kutoka New Delhi, mbele ya mwanamke sauti haitoki kabisa mpaka apige kilaji. Halafu mlango unaotazamana na wa Leonard na Sheldon anahamia Penny, mhudumu wa mgahawa, ndio sherehe inaanzia hapo.

Sasa swali. Mimi chuo nilikaa hosteli na rumeti mmoja hivi, alikuwa anaweka alama ya kalamu kwenye ndoo yake ya maji ajue kama umechota, taa inazimwa saa nne kamili, ukikaa kitandani kwake akirudi anatoa shuka anaenda kufua hapo hapo mbele yako. Nilivumilia semista moja nikahama, mpaka leo tukipishana kila mtu anaangalia simu yake. Sheldon ni yule yule mara kumi! Ana mkataba wa rumeti wenye vipengele kama katiba, joto la nyumba anapanga yeye, kwenye kochi ana sehemu yake ukikaa anakuinua hata uwe mgeni. Kwanini wa hosteli nilimchukia na huyu wa kwenye tivii nimempenda mpaka epsodi ya mwisho machozi yakanilenga? Na Leonard moyo ule aliutoa wapi?

mama_wawili

Mwanangu hapo kwenye kochi umenichekesha, maana sisi wengine tumelelewa na Sheldon. Kila nyumba si kulikuwa na kiti cha baba? Baba hayupo, kasafiri, yuko mkoa mwingine kabisa, lakini hakikaliwi, na mgeni asiyejua akikikalia watoto wote mnakodoa macho kama mnaangalia ajali. Tofauti ni kwamba baba hakuwahi kutoa sababu. Sheldon epsodi ya kwanza tu anamweleza Penny, wakati wa baridi pale panapata joto la hita bila kumchoma, wakati wa joto upepo wa madirisha unapita hapo hapo, na tivii inaonekana kwa pembe inayofaa. Ukimsikiliza vizuri, ana hoja! Ndio kinachochekesha, mtu kapiga hesabu sahihi kabisa ya kitu ambacho binadamu wengine hawakipigii hesabu.

Na ule ugongaji wake wa mlango, ngo ngo ngo Penny, mara tatu, watu wanasema kichaa. Pwani hodi ni tatu, usipojibiwa unarudi zako. Kosa lake ni moja tu, yeye harudi.

tichafizikia

Natoka darasani, naomba niingie kidogo. Watu wengi wanaiogopa hii sirizi wakidhani lazima ujue fizikia, sio kweli hata kidogo. Chukua ile ya msimu wa kwanza wanaenda kwenye pati ya mavazi kwa Penny, Sheldon kavaa nguo ya mistari myeusi na myeupe, anasema yeye ni athari ya Doppler. Hakuna anayemwelewa, watu wanamwona pundamilia. Anajaribu kuwaelekeza kwa kuigiza mlio wa gari linalopita mbio, niiiiaaaooo, wapi! Mimi naifundisha hiyo kila mwaka kwa king'ora cha ambulensi, ikija mlio mwembamba, ikishakupita mlio unashuka, na kila mwaka kuna sura za watoto zinaniangalia vile vile walivyomwangalia Sheldon. Asiyejua Doppler anacheka kwa sababu jamaa kavaa pundamilia, anayejua anacheka kwa sababu yale mavazi kweli ni Doppler, mistari imebanana upande mmoja ikaachana upande mwingine, kama mawimbi ya sauti ya gari linalopita. Kichekesho kimoja kina milango miwili, kila mtu anaingilia wake.

Na zile hesabu ubaoni sio michoro ya kupamba. Walikuwa na mshauri, David Saltzberg, profesa wa fizikia wa UCLA (Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles), ndiye alikuwa anahakikisha kinachoandikwa pale ni sayansi ya kweli. Mimi hupozi nisome ubao, mke wangu anakasirika anasema tunaangalia komedi au tunasahihisha madaftari.

Halafu wengi hawajui, yule Amy mpenzi wa Sheldon, mwigizaji wake Mayim Bialik ana PhD ya kweli ya mambo ya ubongo na neva, aliipata UCLA 2007, mwaka ule ule sirizi inaanza, na kwenye sirizi naye ni mtaalamu wa ubongo. Hapo hakuigiza sana.

fundi_wa_kiwandani

Mimi niseme la Howard, yule mhandisi wa lile kundi la wanne, maana wahandisi tumedhalilishwa humo. Ana masters ya MIT, chuo kikubwa cha teknolojia Marekani, ila kwa sababu hana PhD kila siku anakumbushwa, Sheldon anamwita mhandisi kama anamtukana. Lakini oneni nani alipelekwa angani kwenye kituo cha kimataifa! Sio Sheldon na nadharia zake, ni fundi. Ingawa hata huko mwanaanga wa kweli kabisa, Mike Massimino, alishambandika jina la utani Froot Loops, ile siriali (nafaka ya asubuhi ya kula na maziwa) ya watoto, kwa sababu wakati anaongea naye kwa video mama yake alimpigia kelele kwamba siriali yake inalowana. Nimewahi kuitwa na mama nikiwa saiti mbele ya vibarua wangu, naielewa aibu ile mpaka kwenye mfupa.

wa_thika_road

Wasee mimi nitapinga. Hiyo kitu niliiangalia misimu mitatu nikaacha. Mnasema inawapenda hao vipanga wa vitabu, mimi naona inawacheka. Kila mtu akitaja komiki, kicheko. Akitaja Star Trek, ile sirizi ya safari za angani, kicheko, hata hakuna joki imesemwa. Na huyo Howard mnayemtetea hapo, vile alikuwa anamsumbua Penny mwanzoni, leo hii ofisini ungeitwa HR siku hiyo hiyo. Raj naye nusu ya vichekesho vyake ni vile yeye ni Mhindi na vile anaongea. Toa hicho kicheko cha rekodi uone kama kuna kitu inabaki.

tichafizikia

Kaka kwenye kicheko nakusahihisha kidogo, walikuwa wanarekodi mbele ya watazamaji kule Burbank, watu wamekaa wanaangalia laivu. Na ndio maana ukikitoa inakuwa ajabu, waigizaji walikuwa wanasimama kusubiri watu wamalize kucheka, sasa ukitoa kicheko unabaki na watu wamesimama wanaangaliana tu. La Howard wa mwanzo sikubishii, mimi mwenyewe nikiangalia na binti yangu zile za mwanzo nazirusha.

mama_wawili

La kuwacheka nalijibu mimi. Mwanangu wa pili yuko hivyo hivyo, anapanga sahani kwa ukubwa, ukibadilisha njia ya kwenda dukani analia, shule ya kwanza waliniambia mama mtoto huyu hana adabu tutafutie suluhisho. Sirizi yenyewe haijawahi kumpa Sheldon jina la hali yoyote, yeye husema tu mimi sio kichaa, mama alinipima. Na mimi nimempima wangu, majibu nitabaki nayo. Lakini kuna ile ya msimu wa 10, anamweleza Penny kwanini anagonga mara tatu. Kumbe akiwa na miaka 13 alirudi nyumbani Texas likizo, akafungua mlango akamkuta baba yake na mwanamke mwingine. Anasema ngo ya kwanza ni desturi, ya pili na ya tatu ni za kumpa mtu nafasi avae suruali. Miaka kumi tumecheka ile tabia kumbe ni kidonda. (Baadaye kwenye Young Sheldon, sirizi ya utoto wake, wakaja kusema kumbe yule mwanamke alikuwa mama yake mwenyewe kavaa wigi, hilo mimi nimelikataa, ya kwanza ilinitosha.) Toka siku ile mwanangu akirudia kitu mara tatu nne sisemi tena acha, namwacha amalize.

binti_mabibo

Mnazunguka tu, swali la mtoa mada jibu lake limo humo humo kwenye sirizi, msimu wa 3, ile ya lifti! Si mmeona lifti ya jengo lao ni mbovu miaka yote wanapanda ngazi? Siku moja Leonard kagombana na Sheldon kuhusu joto la nyumba (hiyo hiyo uliyoitaja) akakimbilia kwa Penny, Penny akamuuliza swali lako hilo hilo, kwanini usihame? Ndio anamhadithia alivyohamia pale 2003. Alikuwa anachezea mafuta ya roketi humo ndani, akakosea vipimo, akaingia nayo kwenye lifti ayashushe chini, Sheldon akaona kinachokuja, akamtoa Leonard nje akayaacha yale mafuta ndani milango ikafunga, lifti ikalipuka buum. Angemwacha angekufa. Na hakumripoti kwa mwenye nyumba wala popote. Kwahiyo kila wakipanda zile ngazi wanapita mbele ya deni la Leonard, limefungwa utepe wa hatari kabisa, sisi tunajua ni lifti mbovu tu. Wakaja kuitengeneza epsodi ya mwisho.

Mimi ningekuonyesha na ile ya Krismasi msimu wa 2. Sheldon hajui Penny atampa zawadi ya thamani gani, akanunua vikapu vya zawadi vya kila saizi avifiche, akishaona ya Penny ndio atoe cha kulingana, yaani anataka kulipa chenji kamili. Penny akampa kitambaa cha mgahawani ambacho Leonard Nimoy, mwigizaji wa Spock kwenye Star Trek, kajifutia mdomo na kukisaini. Jamaa akachanganyikiwa, akaleta vikapu vyote, bado akaona havitoshi, akamkumbatia. Vibaya, mikono kama mbao. Jim Parsons, mwigizaji wa Sheldon, hakupewa tuzo nne za Emmy bure.

kaka_wa_flashi

Aisee binti_mabibo ile ya lifti niliiangalia ila nilikuwa nasinzia, nimeirudia saa hizi. Kwahiyo mimi na rumeti wangu tulikosa mlipuko tu hahaha.

Ila mmenikumbusha kitu sijakisema huko juu. Semista ile ile nilipata malaria, ndoo yenye alama ya kalamu ndio nilikuwa naogeshwa nayo siku tatu, na yeye ndiye alikuwa anachota. Nikapona, nikahama, sikuwahi kuliweka pamoja na yale mengine. Namba yake ninayo kwenye lile grupu la darasa. Sasa nianze na nini, mambo vipi au niombe radhi moja kwa moja?

mama_wawili

Anza na hodi.

fundi_wa_kiwandani

Tatu.