Mrejesho: gitaa kulia kama tarumbeta

Jamani shukran sana, ni mimi nlouliza vipi gitaa la umeme litoe sauti ya tarumbeta baada ya mpigaji tarumbeta wa bendi yetu kuhamia Nairobi. Nimefuata ushauri wenu wa fazi (pedali ya kukwaruzisha sauti) kidogo tu pamoja na ile filta inayofunguka ukigonga uzi, pikapu (kile kinasa sauti cha nyuzi) ya upande wa shingo ya gitaa, toni chini. Lakini wallahi kilichosaidia zaidi hata si pedali, ni kugonga noti volyumu ikiwa sifuri halafu kuipandisha haraka kwa kidole kidogo, ule mlio wa pleki (kipande cha kupigia nyuzi) unapotea kabisa. Harusini Kisauni mzee mmoja aligeuka kutafuta tarumbeta iko wapi! Ila nyuzi mbili kwa pamoja zimekataa, fazi inazikoroga kama pikipiki bovu, hizo nimemwachia wa kinanda.