Naomba ushauri: kibao changu kiandikwe "hire" au "rent"?

Habari zenu wakuu, na shikamooni wakubwa. Nakodisha viti, maturubai na masufuria ya shughuli hapa Sinza. Juzi nimechorewa kibao kwa Kiingereza, herufi nyekundu: WE HIRE CHAIRS. Rangi haijakauka, jirani anayefundisha Kiingereza akapita, akacheka: "Sasa ndugu, unakodi viti au unakodisha?"

Nimepekua kamusi mbili. Nilichoambulia ni kwamba hire ni kuajiri mtu, na pia kukodi kitu kwa muda mfupi, mfano gari au suti. Mwingereza anasema hire a car, Mmarekani rent a car. Kwake hire ni ya watu zaidi. Nyumba wote wanasema rent, na hapo ndipo nilipochoka kabisa, maana anayepanga na anayepangisha wote wanatumia rent hiyo hiyo! Sisi "-sha" moja tu inamaliza ubishi. Wao wakitaka kuonyesha mwenye mali ndiye anatoa, wanachomeka out: hire out.

Fundi yuko tayari kurekebisha iwe CHAIRS FOR HIRE, ila anataka elfu kumi na tano nyingine, kwa hiyo sitaki kukosea mara ya pili.

Naomba kujua: FOR HIRE inaeleweka kwa mgeni yeyote, hata Mmarekani, au niweke FOR RENT? Na vijana wa kubeba viti, ninaowalipa kwa siku, kwenye karatasi ya makubaliano nikiandika hire ni sawa au lazima employ?

Natanguliza shukrani.