Mjadala: Mtafsiri wa katuni ana ruhusa ya kubadilisha utani na kuziba makosa?

Mzawa wa Busia (mwanzisha mada)

Jamani, hapa mpakani kuna kijana anayetafsiri The Simpsons, katuni ya Kimarekani ya familia moja, kwa Kiswahili, na kibanda kizima cha video kimegawanyika juu yake. Nyie wa Kampala mmezoea VJ wa Kiluganda anayepiga maneno juu ya sinema. Huyu wetu ni hivyohivyo, ila ana ladha ya DJ Afro wa Kenya, yule anayesimulia sinema kwa Kiswahili. Shida ni kwamba hatafsiri tu, anahamisha. Baa ya Moe imekuwa kafunda, kibaa cha mtaani. Bia ya Duff imekuwa Nile Special. Homer, baba wa familia, ambaye kiasili ni mkaguzi wa usalama kwenye kinu cha nyuklia, ameajiriwa Umeme, ile kampuni ya kusambaza stima Uganda. Halafu kila katuni inapojipinga yenyewe, kijana anapachika sentensi yake ili mtazamaji asione ufa.

Kuhamisha baa na bia navumilia. Kuziba ufa, hapana. Katuni hii ilianza Desemba 1989, Bart, mtoto wa Homer, akiwa na miaka 10. Leo Bart ana miaka 10. Kuna episodi ya 1991 inayoonyesha Homer na Marge mkewe wakipendana sekondari mwaka 1974. Ikaja ya 2008 ikasema miaka ya tisini walikuwa bado wachumba, hata mtoto hawana, na Homer anaimba kwenye bendi ya grunge, aina ya roki. Zote mbili haziwezi kuwa kweli. Kijana wetu akatangaza eti ile ya 2008 Homer alikuwa anaota. Nani kamtuma? Wenye katuni wamefanya makusudi, na utamu wenyewe uko hapo.

Kondakta wa Namanve

Ssebo, mtu ametoa hela yake acheke. Hajaja kufanya mtihani wa tarehe.

Mama Duka, Arua

Mimi niko upande wa kijana, tena kabisa. Nilikuwa Busia siku alipotia ile ya Lisa, binti wa Homer, kuzaliwa. Kwenye asili, Lisa anazaliwa wakati wa Olimpiki ya Los Angeles 1984, na mkahawa wa Krusty, mchekeshaji wa TV, unagawa kadi za kukwangua: Marekani ikipata dhahabu kwenye mchezo ulioandikwa kwenye kadi yako, unapewa baga bure. Sasa niambieni, watoto waliokaa kwenye mabenchi yale wanajua nini kuhusu Los Angeles? Kijana akasema ni Munich 1972, na anayekimbia ni John Akii-Bua, mita 400 kuruka viunzi, sekunde 47.82. Kibanda kililipuka. Mzee mmoja alisimama akapiga saluti. Hakuna Mmarekani aliyewahi kuichekea episodi ile kama tulivyoicheka sisi.

Mwalimu wa Bombo

Mama Duka, heshima yako, lakini hapo mlicheka kitu kingine kabisa. Utani wa episodi ile hauko kwenye mbio. Krusty alichakachua kadi: aliandika michezo ambayo nchi za kikomunisti hazishindwi, ili asigawe baga hata moja. Mara habari ikaja kwamba Wasovieti wamesusia michezo. Marekani ikazoa dhahabu, Krusty akapoteza dola milioni 44. Na haya yana mzizi: mwaka huohuo McDonald's waliendesha promosheni ya namna ile, Wasovieti wakasusia kweli, Marekani ikaondoka na medali 83 za dhahabu. Ukipeleka Munich 1972, hakuna wa kususia. Krusty amefilisikaje basi? Kijana alisemaje hapo?

Mama Duka, Arua

Alisema Krusty alikula hela za hisani akakamatwa. Tukacheka pia.

Mwalimu wa Bombo

Ndiyo hicho ninachokataa. Kachomoa bawaba ya mlango, kisha anauegemeza kwa gunzi la hindi. Na ajabu ni kwamba jibu alikuwa nalo mkononi, hakuliona. Mwaka 1976 nchi za Afrika zilisusia Montreal kwa sababu New Zealand walipeleka timu ya raga Afrika Kusini ya makaburu na bado wakaruhusiwa kushiriki. Uganda ilisusia. Akii-Bua, bingwa, akashindwa kutetea medali yake. Mganda yeyote mwenye umri anajua kususia kunauma vipi. Kijana angeiacha Los Angeles palepale, akaongeza maneno machache tu: “Wasovieti wamesusia, kama tulivyosusia sisi Montreal.” Basi. Mzee wako wa saluti angesimama vilevile, na Krusty angefilisika kwa sababu yake halisi.

Kuongeza ni kazi ya VJ tangu zamani. Kung'oa ni jambo jingine.

Boda wa Malaba

Mmesahau ya Umeme. Mkataba wao wa miaka 20 uliisha mwisho wa Machi 2025, UEDCL, kampuni ya serikali, wakachukua nguzo na mita. Flash za zamani za kijana, Homer yuko Umeme. Flash mpya, Homer yuko UEDCL. Bosi ni yuleyule, kiti kilekile, hata dirisha halijabadilika. Kwa hiyo anayeziba makosa ya wenzake ameshatengeneza la kwake 😂

Kondakta wa Namanve

Hilo nakupa. Lakini hata nyuklia ya Burns, bosi wa Homer kwenye asili, imebaki miaka yote bila kufungwa na serikali, mbona hamlalamiki?

Dada wa Jinja

Naona wote mnawaogopa Wamarekani kama vile wao hawahamishi vitu. Mnaikumbuka ile ya 2001 familia inapokuja Tanzania? Wako ndani ya ndege, wanatangaziwa kwamba nchi sasa inaitwa New Zanzibar. Kabla hawajatua, jina limebadilika tena: Pepsi Presents New Zanzibar. Mwongoza watalii anaitwa Kitenge. Mtafiti wa sokwe, ambaye wazi wamemchora kutoka kwa Jane Goodall aliyeanza kazi Gombe mwaka 1960, wamemfanya mtu anayewatumikisha sokwe kuchimba almasi. Nchi ya watu, na mama wa watu aliyekaa msituni miaka, vimegeuzwa utani wa dakika ishirini. Nani aliomba ruhusa? Basi kijana wa Busia naye aigeuze Springfield, mji wa akina Homer, atakavyo.

Ila nimemshangaa kwa jambo moja: sokwe wale aliwahamishia Kibale, huku Uganda. Sasa familia imetua Tanzania, sokwe wako Kibale, na wametembea kwa miguu.

Mzawa wa Busia

Dada, hoja ya Tanzania naiheshimu. Ile episodi inakera na inachekesha kwa pamoja. Lakini utani wa Pepsi unamcheka nani? Mimi naona unamcheka Mmarekani ambaye hata jina la nchi anaweza kulinunua. Kijana alipofika pale alisema tu “tunakaribia Dar.” Alikata sentensi moja, na ndiyo ilikuwa kali kuliko zote. Kama anataka kulipiza, alipize kwa maneno, asilipize kwa kunyamaza.

Mwalimu wa Bombo

Na kuhusu ufa, niseme moja halafu nikasahihishe madaftari. Kuna episodi ya 1997 ambapo shabiki anauliza mbona Itchy, panya wa katuni iliyo ndani ya katuni, alipiga mifupa ya paka Scratchy kama marimba, akagonga ubavu uleule mara mbili, ukatoa sauti mbili tofauti. Anataka mtu afukuzwe kazi. Homer anamjibu kwa swali: mtu aliyevaa shati lililoandikwa kwamba ni jiniasi kazini, kwa nini anashinda akitazama katuni za watoto? Yaani sisi tunaobishana hapa tumeshachekwa zamani.

Mwaka huohuo walitoa ile ya mkuu wa shule Skinner: kumbe jina lake ni Armin Tamzarian, alichukua jina la sajenti aliyedhaniwa amekufa Vietnam. Mashabiki walikasirika, hata Harry Shearer, mwenye sauti ya Skinner, aliiponda hadharani. Mwishoni jaji anaamuru kila kitu kirudi kama zamani, na atakayelitaja tena atateswa. Sasa njoo 2004: paka wa Lisa anagongwa na gari, wanaomrithi wanakufa mmoja mmoja, mwishowe anapatikana wa kufanana naye na anapewa jina lilelile ili wasinunue bakuli jipya. Skinner anapita, anasema huo si udanganyifu? Lisa anamjibu, labda, Mwalimu Mkuu Tamzarian. Jamaa akafyata, akaenda zake. Utani huo ulisubiri zaidi ya miaka sita. VJ akiziba ile ya 1997, ya 2004 haina maana.

Mama Duka, Arua

Mwalimu, wewe unatazama zote kwa mpangilio. Kibandani anaweka flash iliyo karibu. Leo ya 2004, kesho ya 1991, keshokutwa Arsenal.

Boda wa Malaba

Jumamosi anatoa hiyohiyo ya Skinner, tangazo nimeliona limebandikwa mlangoni. Nimemtumia ujumbe asiguse jina la Tamzarian. Amejibu: “Tamzarian ni mrefu, nitamwita Okello.”

Mwalimu wa Bombo

Amwite Okello. Ila 2004 Lisa naye aseme Okello.