MREJESHO: Mafaili ya tableti nimeyapata

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza kwa nini tableti yangu ya Android inadai imejaa, na PDF nilizotumiwa WhatsApp sizioni nikiichomeka kwenye kompyuta ya steshenari hapa Mwanga, Kigoma.

Kompyuta haikuwa na kosa, tableti ilikuwa inachaji tu. Aliyesema nivute pazia la juu, niguse arifa ya USB na kuchagua kuhamisha mafaili, Mungu akubariki. Folda zikatokea papo hapo. Ila nilishauziwa waya mpya, 5,000 yangu ndiyo imeenda hivyo.

PDF nilikuwa nazitafuta kwenye Download. Kumbe zimejichimbia: Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, halafu WhatsApp Documents. Nyingine nakala tatu tatu za kadi ileile ya mchango wa harusi! Nimefuta.

Kilichonitoa jasho ni video ya sendofu ya mdogo wangu, GB 5 na ushee. Memori kadi ina nafasi tele lakini inaikataa. Nikaja kuona kadi ni FAT32, yaani mpangilio wa kuhifadhi mafaili ambao haupokei faili moja linalofika GB 4, hata kadi iwe tupu. Nikahamishia vyote kwenye kompyuta kwanza, maana kufomati kunafuta kila kitu, nikaifomati kwa exFAT, mpangilio unaopokea mafaili makubwa, video ikaingia. Tableti yangu inaisoma. Za zamani nyingine hazisomi, jaribuni kabla.

Mama ameshaitazama mara mbili, sasa anataka iwekwe kwenye simu yake ya batani.